Treni Haikufika Bagira

Ijumaa ya matope, ukumbi wa parokia, Bagira.
Shuka la hospitali limetundikwa bila kupigwa pasi,
mkunjo mmoja katikati ukawakata watu wote viuno.
Padri alitangaza: sinema ya Lituania.
Cirhuza akadhani ni dawa ya minyoo.

Maandishi ya chini yalikuwa Kifaransa, mbio kama sisimizi.
Balagizi, aliyerudia darasa la nne mara mbili,
ndiye aliyetutafsiria, kwa sauti ya mnadani,
na pale asipofahamu akaongeza yake:
“Mama anamwambia, utarudi umekonda kama sambaza.”
Sijui kama huko kuna sambaza.

Mji ulikuwa mdogo. Kiwanda cha sukari kimefungwa,
vijana wanne juu ya tangi la maji lenye kutu
wanabangua mbegu za alizeti, wanatema maganda
kwenye barabara isiyopitiwa na mtu.
Walikula viazi asubuhi, viazi jioni,
na maziwa yaliyoganda, mashanza kabisa,
mpaka mama mmoja nyuma yangu akaguna:
“Kumbe hawa ni watu wa Walungu!”
Theluji tu ndiyo iliyotushinda.
Nsimire alisema ni unga wa muhogo,
malaika mzembe kaangusha kapu.

Msichana wao aliitwa Ruta, nywele rangi ya mahindi.
Aliendesha baiskeli ya baba yake kwa kusimama,
kwa kuwa kiti kiliizidi miguu yake.
Nami gizani niliona goti langu
limefika karibu na goti la Nsimire,
upana wa daftari baina yetu.
Sikulisogeza. Wala yeye.
Hiyo ndiyo sinema niliyoiangalia vizuri.

Kisha kituo. Alfajiri. Ruta na sanduku la kamba.
Treni ya mji mkuu inasikika, haijaonekana,
reli zinaanza kutetemeka,
wale watatu wamesimama, mmoja kaficha mikono mfukoni,
umeme wa Ruzizi ukakatika.

Tukapiga miluzi. Tukangoja. Mvua ikashika mabati.
Padri akatoka na mshumaa: “Kesho.”
Kesho ikaja na mambo yake,
na shuka likarudi hospitali, likahitajika.

Sisi Bukavu hatuna reli.
Basi tulibishana mwaka mzima, madumu ya maji mikononi:
Cirhuza alisema alipanda.
Balagizi alikataa, alivyolishika lile sanduku
ni mkono wa mtu anayebaki.
Nsimire hakusema kitu.

Nsimire alipanda. Meli ya usiku ya Goma,
kisha Kampala,
kisha namba ya simu yenye tarakimu nyingi mno.
Sanduku lake lilikuwa rangi ya divai.
Kamba niliifunga mimi, fundo mara tatu.

Cirhuza yuko Kamituga, juu ya machimbo au chini yake;
mama yake hapendi kuulizwa.
Balagizi anafundisha Kifaransa, na bado anaongeza yake.

Juzi mwanangu kaniambia siku hizi kila sinema imo kwenye simu,
taja jina tu, baba, nikutafutie.
Nikamwambia nimelisahau.

Sijalisahau.
Ila pale kituoni reli bado zinatetemeka,
goti langu liko umbali wa daftari,
na treni, kama ina adabu, itachelewa.