Ungo

Mwezi wa kumi na nne, na Dengu bado mtoto.
Bado anajikojolea kwa furaha akimwona mtu wa posta.
Masikio hayajaamua, moja juu, moja limelala
kama dirisha lililokatika bawaba.
Miguu ni mirefu, utadhani kaiazima:
akishuka ngazi za jengo letu hapa Dundee
ya nyuma hufika kabla ya mbele.

Bwana Petrie wa chini, aliyefuga mbwa watatu, wanene wote,
alinisimamisha mlangoni, mvua ikimchuruzika kofiani.
"Miezi sita, kisu, basi. Unangoja nini?"

Daktari Catriona alimlaza ubavu, akambinya goti,
akasikiliza kwa vidole.
"Huyu ni wa kukua polepole. Mifupa haijafunga.
Mwache aingie joto lake la kwanza,
kisha hesabu miezi mitatu, ndipo umlete atolewe kizazi."

Nikatundika kalenda kwenye jokofu.
Kila asubuhi, nikitoka zamu ya usiku kwa wazee,
namwinua mkia na karatasi laini mkononi,
kungwi asiyelipwa.
Hakuna kitu. Naweka alama ya mkato. Nalala.

Jumapili simu ya Tanga. Da Mwanakombo
alicheka mpaka akapaliwa:
"Yaani umepanda ndege mbili
kwenda kumngoja mbwa avunje ungo?"

Nikacheka naye. Kisha nikanyamaza,
kwa maana nami nilingojewa.
Miaka kumi na sita, wenzangu wote wameshachezwa,
mama anahesabu miezi kwa punje za choroko,
shangazi anachemsha mizizi michungu,
na wageni wakija wananitazama kifua
kama sufuria isiyotaka kutokota.
Hakuna aliyenibinya goti
akasema, huyu ni wa kukua polepole.

Alhamisi moja ya Machi nilifungua mlango
nikaona njiti sakafuni, sebuleni, hadi kitandani.
Ungo wa mama, niliokuja nao begani
kwa kuwa haukuingia sandukuni,
ulikuwa ukutani juu ya jiko.
Dengu kaketi katikati ya uharibifu,
kipande cha ukingo kinaning'inia mdomoni.
Nilipiga kelele. Niliita jina lake lote na la mama yake nisiyemjua.
Halafu miguu ikaniishia, nikakaa chini nikicheka peke yangu,
saa moja asubuhi, sare ya kazi mwilini.
Ameuvunja. Wallahi, ameuvunja kwelikweli.

Siku ya kumi, kwenye sakafu nyeupe ya jikoni:
tone. Kisha jingine, dogo kama punje ya mtama.
Alilinusa, akanitazama,
akaenda kujificha nyuma ya mashine ya kufulia.
Da Mwanakombo alipiga vigelegele simuni,
yeye ambaye Dengu akimramba kidole
atakiosha mara saba, moja kwa udongo.

Wiki tatu tulitembea alfajiri, kamba fupi,
na dume la Bwana Petrie likilia nyuma ya mlango
kama mdeni.

Sasa ni Juni. Kifua kimejaa. Sikio la pili limesimama.
Hakimbilii tena kila jani; hutazama kwanza,
huchagua.
Akikojoa, husimama kidogo baadaye, amefikiri jambo.
Nami ndiye niliyeshika penseli.
Nimesubiri ukamilike, Dengu,
ili nikupunguze.

Niliandika tarehe, nikaifuta, nikaisogeza wiki moja,
nikairudisha palepale. Karatasi imechakaa mahali hapo.
Ungo nimeutundika tena, tundu na yote;
mvuke wa chai unapita katikati yake.

Julai tisa, saa mbili na nusu asubuhi.
Asile kitu tangu usiku.
Nami sitakula.