Hasi Kumi na Mbili

Tarehe ishirini na nne, Mtaa wa Lindi, Gerezani,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba.
Mtu wa mitambo alipita asubuhi na flashi yake,
akaweka toleo jipya, akanywa soda, akaondoka.
Mchana nikabofya kitufe cha Stumai,
kile cha kijani, kilichoandikwa LIPA WATU.
Hakikulipa mtu.

Kilitoa ujumbe wa Kiingereza, mistari miwili,
wenye adabu, kama barua ya kuachishwa kazi.
Maana yake: ile kalenda ndogo iliyokuwa ikifunguka
ukachagua siku kwa kidole, haipo tena.
Walioitengeneza wameiondoa.
Hawakuniuliza. Wangeniulizaje?

Nikairuka. Ndipo orodha iliposhuka,
walinzi arobaini na saba:
wa mchana wote wazima,
wa usiku wote wamegeuka hasi.
Chilumba, wa mlango wetu hapa chini,
kaingia saa kumi na mbili jioni,
katoka saa kumi na mbili asubuhi;
jibu, hasi kumi na mbili.
Bila tarehe, mashine haijui kwamba kulikucha.
Inamwona mtu aliyeanza jioni
akarudi kinyumenyume kuifuata asubuhi iliyokwisha pita.
Sasa anadaiwa usiku.
Zidisha mara ishirini na sita.

Nikafungua tumbo la kitufe.
Stumai hakusomea haya. Alijifunza
kwenye kitabu kisicho na jalada, mchana wa kula,
na vitu vyake akavipa majina ya nyumbani:
kapu, kapu_la_pili, mgeni, mgeni_karudi.
Katikati kuna kijisehemu, SaaYetu,
kinachopokea alichoandika mlinzi kwa mkono,
saa mbili usiku,
kikahesabu sita mbele au sita nyuma
hadi mashine ielewe.
Hicho hakijavunjika.
Hakuna aliyekijua, nani angekiondoa?
Chini yake, kwa herufi za kijani:
usifute mstari huu. nilijaribu. watu walilia.

Saa nne usiku nikampigia.
Yuko Mkuranga siku hizi, anafuga kuku;
nikasikia vifaranga wakilia chini ya taa.
"Kalenda imekufa?" akauliza,
kama mtu anayeulizia jirani wa zamani.
"Basi waandike wenyewe tarehe. Mbili.
Ya kuingia na ya kutoka.
Hata mwanzo haikuhitajika ile.
Niliipenda tu."

Saa saba luku ikaisha.
Chilumba akapanda ngazi na tochi ya simu,
akanisomea tarakimu ishirini, nne nne,
za umeme aliounua kwa pesa yake.
Taa iliporudi alikuwa nyuma yangu,
akitazama jina lake.
"Hicho kistari mbele ya namba ni cha nini?"
"Ni kistari tu," nikamwambia. "Nakifuta."
Hakujibu. Akashuka kulinda.

Nikafuta. Nikafuta kwa saa nne,
mstari ukikubali mwingine unagoma,
mgeni_karudi akikataa kurudi
mpaka nilipogundua nimemwandika kwa r mbili.
Adhana ya kwanza ilinikuta nikibofya.
Chilumba: mia tatu na kumi na mbili. Chanya.
Wote chanya, ila Mwanahija wa Kigamboni,
saa kumi na tatu usiku mmoja, na sikuelewa,
nikarudi mistari yote toka juu,
kisha nikafungua daftari la zamu.
Ilikuwa kweli. Wa kumpokea alichelewa.

Kabla sijafunga nikaongeza yangu, kwa kijani,
chini ya ya Stumai:
hapa palikuwa na kalenda.
Halafu tarehe. Zote mbili,
ya kuingia na ya kutoka.