Behewa la Kimya

Kwenye kioo cha mlango pana kidole kimewekwa juu ya midomo,
kimechorwa kwa buluu, na chini yake neno moja tu.
Sisi tuliomo humu tumelichagua neno hilo.
Tumekuja na sufu zetu za kufuma, na chupa zetu za kahawa,
kila mtu na dirisha lake, kama ndugu waliokosana zamani
wakaafikiana kutolizungumza.

Treni ilitoka Bergen saa mbili kasoro dakika moja.
Hadi Voss hakuna aliyekohoa bila kuomba radhi kwa macho.

Hapo Voss akapanda yeye,
koti jekundu, theluji mabegani,
simu kaibana baina ya shavu na bega
kama mtoto asiyetaka kushushwa.
"Piano siiuzi,"
kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya ziwa.
"Siiuzi, Eilif. Mwambie kaka yako nimesema."

Basi tukaanza kazi yetu.
Bwana wa mbele yangu akalikunja gazeti, akalikunjua, akalikunja,
likalia kama moto wa vijiti.
Msichana mwenye vitabu akashusha pumzi ndefu kuliko kituo na kituo.
Mimi nilikitazama kidole cha buluu, nikamtazama yeye,
nikarudi kwenye kidole.
Kwetu hatugombi. Tunaelekeza macho.
Ustaarabu wetu ni kuchukia bila kupaza sauti.

Hakuona kitu.
Kufika Mjølfjell tulijua kwamba piano ilikuwa ya shangazi Gunnvor,
kwamba iko ghorofa ya tatu na lifti hakuna,
kwamba kaka mtu kakwisha chukua arubuni kwa daktari fulani wa macho.
Tulijua pia, maana alirudia mara mbili, kwamba jana usiku
aliibandua mbao ya chini, pale kwenye kanyagio,
akakuta bahasha.
"Hapana, si pesa. Picha.
Mtoto. Miezi sita hivi, kavaa kofia.
Nyuma yake pameandikwa jina, Eilif, na jina lenyewe ni"

ndipo mlima ukatumeza.

"Haloo? Haloo?"
Haloo ya tatu ilibaki mwambani.
Gizani madirisha yaligeuka vioo
naye akatuona sote, ndani ya kioo kimoja:
gazeti limeinamishwa, sindano za kufumia zimesimama hewani,
msichana kachomoa kisikilizio cha sikio moja,
na mimi, shingo nimeirefusha kama bata.
Akakiona na kidole.
Uso ukaiva ukafanana na koti.
"Samahanini," akasema, kwa sauti ndogo mno,
sauti ambayo nusu saa nzima tulikuwa tumemwombea,
na ambayo sasa hakuna aliyeitaka.

Tulipotokea Myrdal kwenye mwanga, simu ikaita.
Akainuka kama ilivyo desturi,
akatoka hadi kwenye kiungo cha mabehewa, akafunga mlango nyuma yake.
Kioo kilituachia mdomo unaokwenda,
kiganja juu ya paji la uso,
kisha mabega yakitikisika, kwa kicheko
au kwa kile kingine; kioo hakikusema.

Kondakta Oddvar akapita. "Mambo shwari humu?"
"Shwari," tukamjibu, na hakuna aliyemtazama.

Alirejea, akaketi, akaufumba mkoba.
Kwa saa nne hakuna aliyemuuliza.
Hiyo nayo ni adabu.
Hønefoss, bwana wa gazeti akavaa koti, akafika usawa wa kiti chake,
akasimama, akafungua kinywa:
"Safari njema."
Akashuka.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia.
Vinywa hukaa mezani kwangu mchana kutwa, wazi, bila neno.
Wiki ya tatu sasa, nikivisugua, nayajaribu majina kwa sauti:
Ragna. Torgeir. Jorunn.
Mwanafunzi wangu ananitazama,
kisha anautazama mlango.