Munyu

Dhahabu ikiwa ndogo mno haiwi ya manjano.
Nilimwambia hivi mamangu, akacheka,
akanyoosha mkono wenye bangili ya bibi yake:
"Na hii je, imekuwa nyekundu lini?"
Hiyo ni kubwa, mama.
Mimi nashughulika na punje
ambazo elfu tano zikipanga foleni
hazivuki upana wa unywele.

Maabara iko Tudor, ghorofa ya pili, dirisha moja halifungi.
Dhahabu iliyoyeyushwa inachemka,
rangi yake kama maji yaliyosuuzia kijiko cha bizari.
Namimina ile chumvi iliyo binamu wa unga wa ndimu,
yote kwa mpigo mmoja.
Ukisita, punje za kwanza huzaliwa mapema zikanenepa,
za mwisho zikabaki vitoto,
na chupa inakuwa darasa la chuoni
lenye wavulana wa ndevu waliokaa na wa meno ya utoto.
Mimi nataka rika moja.

Maji yanapoteza rangi. Kisha kijivu, kisha weusi
unaonitia hofu kila mara ingawa naujua,
kisha, kama mtu aliyekumbuka jina,
nyekundu ya vidole vilivyokula mabuyu.

Ukizidisha ile chumvi punje hupungua. Ukiipunguza, hukua.
Ukitaka vijiti, tia mbegu katika sabuni yake maalumu
na tone la fedha:
sabuni itashika mbavu, iache ncha wazi.
Ndiyo kazi yangu,
kukibana kitu ubavuni ili kiende kimo.

Daktari Mwachofi huziita metali waungwana:
hazishiki kutu, hazichangamani ovyo,
haziitiki kwa kila anayebisha hodi.
Nilimwamini mpaka wiki ile.

Jumatatu, zambarau.
Jumanne, buluu ya kaniki.
Jumatano punje zote zililala chini kama mashapo ya kahawa.
Nilikagua mizani. Nilibadilisha kipimajoto.
Nililaumu stima, iliyokatika mara mbili kabla ya adhuhuri,
nikamlaumu Fumo kwa kuhema juu ya chupa.

Fumo ndiye aliyeuliza, bila kuinua kichwa:
"Vyombo tumesuuza na maji gani?"

Ya mfereji. Na mfereji ulikauka tangu Jumapili.

Nikateremka. Tsuma alikuwa akishusha madumu mkokotenini.
"Haya ya wapi?"
"Kisima cha Kaa Chonjo. Foleni ya Makupa ilinishinda."
Nikachovya kidole, nikaonja.
"Yana munyu!"
"Kidogo tu, dada. Kwani wapikia wali?"

Nikapanda na kikombe cha maji yake,
nikadondosha tone moja la fedha iliyoyeyushwa.
Kikajaa wingu jeupe, zito, kama tui la kwanza.

Basi ndiyo hayo.
Punje zangu zilisimama mbalimbali
kwa sababu kila moja ilivaa chaji ya kumsukuma jirani.
Munyu uliivunja nguvu ile chaji, zikakumbatiana,
na zikishakumbatiana hazirudi.

Siku ya pili Fumo alitega ndoo
chini ya mashine ya baridi ya ofisi ya msajili,
ile inayotiririka ukutani mchana kutwa.
Tulipotia fedha, maji yalinyamaza.
Saa tisa alasiri nyekundu ikarudi.
Msajili alikuja kuuliza ni nani kaweka ndoo.

Nilimpelekea mama kichupa. Alikiinua kwenye taa.
"Haivaliki hii."
"Haivaliki."
"Na hiyo chumvi yako ya kisima, ikiingia?"
Nikachota jikoni chembe chache kwa ncha ya kisu,
nikatikisa. Ikawa zambarau, ikawa buluu, mbele ya macho yake.

Bangili yake imeogelea baharini miaka sitini, haijajali lolote.
Hata hivyo aliishika, akaipangusa kwa ncha ya leso,
polepole,
pande zote mbili.