Sifuri ya Kazi

Mwalimu, wewe hunioni.
Nami nakuona nusu: mkono, kipanya,
kikombe chenye ufa karibu na taa,
na kile kikohozi chako cha dakika ya kumi na mbili
ambacho sasa nakingoja kama basi la mwisho.

Saa tano usiku, Elgoibar. Mvua nyembamba
inaichuja taa ya mtaa. Mto Deba unapita
nyuma ya kiwanda bila kuulizwa.
Mama amelala chumba cha pili. Nimevaa vipokea sauti
asije akaamka akadhani nimeleta mwanamume.

Somo la kwanza ulisema: chagueni sifuri yenu.
Ukabofya pembe ya kipande, mistari mitatu ikachipuka,
mwekundu, wa kijani, wa buluu,
ukaenda zako.
Mimi nikasimamisha video.
Miaka ishirini na tisa nimekereza vyuma,
na sifuri yangu ilikaa hapa, kwenye kidole gumba,
pale gurudumu la mkono linapolegea kidogo
kabla kisu hakijagusa.
Nani amenihamishia sifuri?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa.
Langu halikuvunjika, mwalimu.
Liliuzwa kwa kilo, Jumanne asubuhi,
likaacha sakafuni nyayo nne za mafuta.
Koldobika alizipiga deki wiki nzima. Hazikutoka.

Somo la tatu nikaandika G sifuri
mahali pa G moja, mbio mahali pa kukata,
na kisu kikazama ndani ya jiliwa hadi shingoni.
Skrini ikawa nyekundu. Basi.
Hakuna mshindo. Hakuna aliyekimbilia swichi.
Koldobika ana vidole tisa,
cha kumi kilikwenda na kosa dogo kuliko hili.
Nilikaa nikiutazama wekundu ule usio na damu,
kisha nikabofya *rudia*
taratibu, kama mwizi anayerudisha kitu.

Somo la sita ndipo tulipogombana.
Chuma cha pua, ukasema, kisu cha milimita ishirini,
ukaandika mizunguko elfu nne kwa dakika,
"kama mfano tu."
Mfano!
Kwa kasi hiyo ncha hulia kwanza,
mlio mwembamba, wa mbu ndani ya chupa,
halafu unanusa moshi, halafu unanunua nyingine.
Nilikuambia. Kwa sauti.
"Garbiñe, unaongea na nani?"
"Na mwalimu, mama."
"Mwambie aende kwao."
Wewe ukaendelea kufundisha.
Nikafuta elfu nne, nikaandika mia tisa,
na katika programu nzima, mistari yote ile iliyojiandika yenyewe,
hiyo ndiyo nambari ya kwanza iliyokuwa na mwandiko wangu.

Jana Ibon alinipa mashine mpya. Flansha moja, ya pampu.
Nikaipandisha sifuri milimita hamsini
ikate hewa kwanza.
Vijana wakacheka: inakata nini?
Nikasema, iacheni, inakata hofu yangu.

Kisha nikaishusha.
Maji ya kupoza yakaupiga mlango, kioo kikawa maziwa.
Sikuona kitu. Nikaweka kiganja kwenye kioo,
jambo ambalo hukulifundisha popote,
na karibu na mstari wa mia mbili na kumi na nne
ukaja mtetemo, mdogo, kama jino linaloanza kuuma.
Nikapunguza kasi asilimia kumi.
Ukanyamaza.

Flansha iko hapa mezani, kando ya mkate.
Tundu la katikati limebana, limepungua mikroni ishirini.
Kesho nitalisahihisha.
Usiku huu nimerudi somo la sita, sijui kwa nini,
sasa ni dakika ya kumi na mbili,
na umekohoa.

Pole, mwalimu.
Kunywa kitu cha moto.