Ukoo Gani

Lori lililokuja Chogo kununua mahindi
lilipasuka rejeta penye mteremko wa shule,
na dereva, kijana mrefu, kola imelowa jasho,
akapiga hodi kwetu kwa Kiswahili cha kubahatisha.
Alipoona hatumwelewi akasema: biyo.

Mama alikuwa akipepeta.
Ungo ukasimama hewani.
Miaka ishirini na mitatu neno lile halijaingia ua huu,
neno la Mto Juba, la visima walivyochimba wao
wakakatazwa kunywa kabla ya ng'ombe wa wenyewe.

Mimi nimezaliwa hapa. Ya kule nimesimuliwa vipandevipande
siku za mvua, Mama akichambua choroko:
kamba kati ya magari mawili,
na swali moja kwa kila apitaye.
Ukoo gani?
Wenyewe walihesabu mababu kama punje za tasbihi,
wakipona au kufa kwa babu wa tano.
Sisi hatukuwa hata na jibu la kukosea.
Nywele ngumu, wakasema,
wakamtoa mjomba Mberwa mstarini.

Babu wa babu zake alitolewa Handeni hii hii, mwaka wa njaa,
akavushwa bahari na Kizigua chake kibindoni.
Lugha iliyowaponza kule
ndiyo iliyowafungulia huku:
karani alimsikia Mama akibembeleza mtoto,
akaweka kalamu chini.

Sasa Mama akainuka, pumba zikimdondoka,
akamwuliza kwa Kisomali, polepole,
kama anayetoa mwiba wa zamani:
Wewe ukoo gani?

Kijana akaanza, ndivyo alivyofunzwa,
jina lake, la baba, la babu, la babu wa babu.
Kwa wa tano sauti ikakatika.
Alikuwa ametazama nywele zake.

"Basi," Mama akasema. "Sikutaka kujua.
Nilitaka ujue kinywa kinavyokauka."

Akachota. Lakini kwanza: "Sema mazi."
Akasema masi. Tena: masi.
Mara ya tatu ikatoka nusunusu,
jirani Semkiwa akacheka nyuma ya ukuta,
na Mama akampa kata.

Sijui kama huko ni kusamehe. Kiti hakumpa.
Alimpa ndoo nzima kwa ajili ya rejeta,
na kata ile akaitundika mbali na zetu
siku tatu.
Ya nne nilimkuta ameichovya mtungini,
anakunywa, macho ameyafumba.