Siku Kumi na Nne za Bure

Nimepewa siku kumi na nne, bila kadi ya benki,
nionje jukwaa ambalo mitambo yake sitaiona.
Bonyeza hapa, likaniambia, na kundi litazaliwa.
Nikabonyeza. Chai haijapoa,
makontena matatu yakawa yanapumua
mahali fulani ambapo si Nyakato.

Makontena, nikamwambia Budodi, lakini si yale ya bandarini,
wala lile la bluu la Misoji pale Igoma
lenye kufuli mbili na dirisha la kuuzia vocha.
Haya hayana bati, hayashiki kutu.
Yanabeba hesabu zetu za dagaa:
magunia mangapi yametoka Mwaloni,
lori la nani limekwama mpakani,
nani bado anadaiwa.
"Yana uzito gani?" akauliza.
Nilicheka. Usiku, kitandani, sikucheka.

Siku ya tatu nikaua moja makusudi,
kama mtoto anayeng'oa mguu wa panzi aone.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne,
na kabla ya tano likawapo jingine mahali pake,
kazi ileile, kumbukumbu ileile,
ila jina lina mkia wa herufi ngeni.
Halikufufuka. Limerithiwa.
Kwetu jina hurithiwa watu wakila, wakilia;
hapa hata mkeka haukutandikwa.

Siku ya saba nikaleta msongamano wa uongo:
wateja hewa elfu kumi
wakiuliza bei ya dagaa kwa mdomo mmoja.
Makontena yakaongezeka kama magugumaji ghubani,
sita, kumi na moja, ishirini,
nami nimekodolea macho kona ya kioo
ambako gharama nayo ilikuwa inachipua.
Nilipowaondoa wateja wangu hewa
yakanywea yenyewe.
Magugumaji hayajui adabu hiyo.

Na chumba cha nyuma mashine ya zamani,
ile Budodi anayoiita Mama Mkubwa,
inanguruma mbele ya feni iliyofungwa kwa kamba ya katani.
Miaka sita wamelala chumba kimoja.
Anakijua kikohozi chake cha njaa na cha joto,
amefukuza mijusi kwenye nyaya zake,
amempepea kwa kipande cha boksi
mwezi wa kumi, umeme ukija na kutoroka kama mgoni.

Kwenye fomu ya jukwaa kulikuwa na swali:
Una watumishi wangapi wa mitambo?
Nikaacha wazi. Likakataa kuendelea.
Nikaandika moja.
Kisha nikakaa nikiitazama ile moja.

Siku ya kumi na tatu, saa mbili usiku, umeme ukakatika
kuanzia Buzuruga hadi nyuma ya mawe.
Feni ikazunguka, ikasita, ikanyamaza.
Kwenye simu yangu, taa tatu za kijani, ndogo, zilikuwa macho.
Budodi akaingia mbio, dumu la petroli mkononi,
kandambili moja imebaki mlangoni.
"Tulia," nikasema. "Kazi inaendelea. Yapo hai."
Akalitua dumu polepole.
"Yako wapi?"

Nikainua mkono kumwonesha.
Nikauzungusha gizani, upande wa ziwa, upande wa Igoma,
sikujua niuelekeze wapi.